Uliza Mwalimu wa Anatomia: Shina fupi linalolisha ini, wengu na tumbo

Mwezi uliopita niliandika hapa juu ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, na katikati ya makala nikaligusia shina la siliaki kwa sentensi moja tu: kwamba ndilo tawi kubwa la kwanza aota inapoingia tumboni. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yote. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika anateseka, na kwa sababu mshipa wake ukieleweka, majibu ya wenzake yatakuwa mepesi.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Huu ni mwezi wa nane naumwa chembe ya moyo kila nikimaliza kula, na nimepungua kilo 9. Nimetibiwa vidonda vya tumbo mara mbili, kisha nikapigwa kamera, tumbo likaonekana halina kidonda. Sasa majibu ya CT skani yanasema "shina la siliaki limebanwa karibu na chanzo chake". Nikilitafuta neno siliaki nakuta habari za ngano na gluteni. Nimeacha ngano wiki tatu, maumivu yako palepale. Mshipa huu ni upi, na unahusianaje na ngano?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Miezi minane ya kukiogopa chakula ni mingi.

Ngano tuiweke kando mapema, maana haimo katika habari yako. Neno siliaki limetokana na neno la Kigiriki *koilia*, yaani tumbo. Ugonjwa wa siliaki umepewa jina hilo kwa kuwa ni wa tumbo: kinga ya mwili hukasirishwa na gluteni, ikashambulia utando wa ndani wa utumbo mwembamba. Shina la siliaki nalo limepewa jina hilo kwa kuwa ni mshipa wa tumbo. Wamechangia jina, hawana undugu. Ila nakuomba jambo moja: daktari akitaka kukupima ugonjwa huo kwa damu, mwambie kwanza kwamba umeacha ngano. Mtu aliyeacha gluteni kwa muda anaweza kuonekana hana ugonjwa hali anao.

Sasa mshipa wenyewe. Weka vidole viwili au vitatu chini ya pale mfupa wa kifua unapoishia. Kutoka hapo ingia ndani kwa mawazo, pita ini, pita tumbo la chakula, endelea mpaka ukaribie uti wa mgongo. Kwenye usawa wa pingili ya 12 ya kifua, ambayo ndiyo ya mwisho, aota inapenya nyuma ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia unaotenga kifua na tumbo. Ikishavuka tu, inatoa mbele yake mshipa mnene na mfupi. Ndio huo. Urefu wake ni sentimita 1 hadi 2. Kofia ya kalamu ni ndefu kuliko huo. Halafu unagawanyika papo hapo mara tatu.

Tawi dogo kuliko yote, ateri ya kushoto ya tumbo (ateri ni mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni), linapanda mpaka umio unapoungana na tumbo, linaupa umio vijitawi, kisha linateremka kandokando ya ukingo mfupi wa tumbo. La pili linakwenda kulia, nalo ni ateri ya ini. La tatu ni ateri ya wengu, kubwa kuliko zote kwa mtu mzima. Linakwenda kushoto likitambaa kwenye ukingo wa juu wa kongosho, likiligawia kongosho damu njiani. Mgawanyiko huu wanaanatomia wameuita kigoda cha miguu mitatu cha Haller, kwa heshima ya Albrecht von Haller, mzaliwa wa Bern, Uswisi, mwaka 1708, aliyeueleza katika karne ya 18.

Mara ya kwanza kuutafuta mshipa huu nilikuwa mwanafunzi, nimesimama mbele ya mwili wa bibi mmoja aliyeutoa ili sisi tujifunze. Asubuhi nzima nilikuwa natafuta bomba safi, jekundu, kama la kitabuni. Nilichokuta ni fundo la nyuzi nyeupe, ngumu, zimesokotana kama katani iliyolowa. Nikadhani ni utando tu, nikaanza kuzikata kwa mkasi. Mwalimu wangu alinishika kiganja akanizuia. "Hizo ni neva," akaniambia. "Mshipa unaoutafuta umezivaa." Nilikuwa nimekwisha kukata nusu yake. Nilijisikia vibaya kwa ajili ya yule bibi, na tangu siku hiyo sijamfundisha mwanafunzi shina la siliaki bila kumwonyesha kwanza vazi lake. Neva hizo ndizo zinazobeba maumivu ya ini, tumbo, wengu na kongosho kuyapeleka kwenye ubongo. Ndiyo maana mgonjwa wa saratani ya kongosho anayeteswa na maumivu huweza kuchomwa dawa ya kuzitia ganzi au kuziua hapohapo, kuzunguka shina.

Nimekusimulia hayo kwa sababu neva hizo zinahusika na hali yako. Kiwambo kina nguzo mbili za msuli, ya kulia na ya kushoto, zinazoshuka kushika pingili za kiuno. Nguzo hizi zinaunganishwa mbele ya aota na utepe mgumu wa nyuzi wenye umbo la upinde. Kwa watu wengi upinde huo unapita juu ya chanzo cha shina la siliaki bila kuligusa. Kwa baadhi umekaa chini kidogo, ukalilalia shina lenyewe. Mtu akitoa pumzi, upinde unalikandamiza zaidi. Akivuta pumzi ndefu, unaliachia. Nimelishuhudia hili kwenye skrini ya ultrasaundi, nimekaa pembeni ya mpimaji: pumzi ikitoka, mshipa unajikunja kama ndoana na damu inachupa kwa kasi, kama maji yanavyochupa ukibana mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Pumzi ikiingia, unanyooka na kasi inashuka. Wapimaji wengi hushtuka kasi ya damu ndani ya shina hili inapofika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, mgonjwa akiwa hajala.

Utauliza, basi hayo ndiyo maumivu yangu? Huenda, ila picha peke yake haitoshi kusema ndiyo. Wako watu wengi ambao shina lao limebanwa vilevile na hawajaumwa hata siku moja. Sababu ni kwamba viungo hivi havitegemei mlango mmoja. Sentimita moja hivi chini ya shina la siliaki aota inatoa mshipa mwingine mkubwa, ateri ya juu ya mesenteri, unaolisha karibu utumbo mwembamba wote na nusu ya kwanza ya utumbo mpana. Mishipa hii miwili inashikana mikono kuzunguka kichwa cha kongosho kwa vijitawi vinavyotoka juu na vingine vinavyotoka chini. Shina la juu likibanwa, damu hupanda kutoka chini kwa njia hiyo ya nyuma, ikafika kwenye ini na wengu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwili umejiwekea akiba. Kwa mwenye maumivu, wengine wanasema akiba hiyo imepungukiwa wakati wa kula, viungo vinapohitaji damu nyingi. Wengine wanasema zinazobanwa na kukasirika ni zile neva. Mimi nadhani kwa wagonjwa wengi yote mawili yamo.

Kwa hiyo, mwanangu, omba uonwe na daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu. Omba upimwe ultrasaundi ya mishipa ukiwa hujala, mara ukivuta pumzi, mara ukitoa, na namba ziandikwe zote. Akuchunguze pia sababu nyingine za maumivu, zikiwemo mawe ya nyongo na mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa, hasa kama umewahi kuvuta sigara. Ikithibitika kuwa ni upinde, tiba ni kuukata na kulifungua shina, na siku hizi mara nyingi hufanywa kwa matundu madogo. Ukiambiwa uwekewe kibomba cha chuma ndani ya mshipa kabla ya upinde kukatwa, uliza kwa nini. Upinde ambao haujakatwa huendelea kukandamiza, na kibomba kinaweza kupondwa humohumo.

Swali: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili. Matawi ya shina la siliaki nimeyakariri mara nne na mara nne nimeyasahau. Na kwa nini ateri ya wengu imepindapinda hivyo? Nisaidie, mtihani ni mwezi ujao.

Jibu: Mwanangu, acha kukariri majina, fuata viungo. Tumboni mwa mama, njia ya chakula ya mtoto ilikuwa bomba moja, na bomba hilo lilipewa mishipa mitatu kutoka aota. Sehemu ya mbele ya bomba ilipewa shina la siliaki, ya kati ikapewa ateri ya juu ya mesenteri, ya nyuma ikapewa ateri ya chini ya mesenteri, inayotoka kwenye usawa wa pingili ya tatu ya kiuno. Kila kilichochipuka kutoka sehemu ya mbele kimebaki na mshipa wake wa utotoni: mwisho wa umio, tumbo, ini, mfuko wa nyongo, sehemu kubwa ya kongosho, na mwanzo wa duodeni, ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mpaka pale nyongo inapomwagikia. Mpaka ni huo. Ukiushika, nusu ya kazi imekwisha.

Wengu ndio mgeni. Haukuchipuka kwenye bomba la chakula hata kidogo. Ulikulia ndani ya utando ulioshikilia tumbo kwa nyuma, na kwa kukaa katika ujirani huo ukapewa damu ya jirani. Mtahini anayejua kazi yake atakuuliza hilo.

Ramani hiyohiyo itakusaidia wodini. Maumivu ya viungo vya sehemu ya mbele mgonjwa huyasikia kwenye chembe ya moyo. Ya sehemu ya kati huyasikia kuzunguka kitovu, na ndiyo maana mgonjwa wa kidole tumbo huanza kulalamikia kitovu, kisha baada ya saa kadhaa maumivu yanahamia chini kulia. Ya sehemu ya nyuma huyasikia chini ya kitovu. Mgonjwa akikuonyesha kwa kiganja mahali panapouma, anakutajia mshipa bila kujua.

Kuhusu kupindapinda: kwa mtoto mchanga ateri ya wengu imenyooka, mizunguko inaongezeka kadiri umri unavyokwenda. Niliwahi kuilegeza ya mzee mmoja kutoka mgongoni mwa kongosho, nikainyoosha taratibu juu ya kitambaa, ikawa karibu mara mbili ya nilivyoikuta. Iheshimu ateri hii. Kati ya mishipa yote inayolisha viungo vya tumbo, ndiyo inayoongoza kwa kuvimba ukuta na kutoa puto, zaidi kwa wanawake, na puto hilo likipasuka wakati wa ujauzito mama na mtoto wote wako hatarini.

Jambo la mwisho kwako. Mwaka 1955 Nicholas Michels alichapisha uchunguzi wa miili 200 aliyoipasua kwa subira, akafuatilia ateri za ini moja baada ya nyingine. Mpangilio ule wa kitabuni aliukuta kwa 55% tu. Waliobaki aliwagawa katika aina nyingine tisa: huyu ateri ya kulia ya ini imetoka kwenye ateri ya juu ya mesenteri, yule ya kushoto imetoka kwenye ateri ya tumbo. Siku mpasuaji anapoomba utulivu chumbani huku akitafuta mshipa wa mfuko wa nyongo, usidhani hajui anatomia. Anaijua, ndiyo sababu haendi mbio.

Swali: Mama yetu, miaka 67, alitapika damu ghafla na kinyesi chake kikawa cheusi kama lami. Alikuwa anatumia diklofenaki kwa ajili ya magoti. Walizuia damu kwa kamera, ikarudi. Kisha daktari akasema wamepita kwenye nyonga na kuziba mshipa "pande zote mbili". Sasa yuko nyumbani, tunashukuru. Lakini hatukuelewa: kidonda kiko tumboni, nyonga inaingiaje? Na kwa nini pande mbili?

Jibu: Nimefurahi kusikia yuko nyumbani, mfikishieni salamu zangu.

Ile ateri ya ini niliyoitaja juu, kabla ya kulifikia ini inashusha tawi moja kubwa linalopita nyuma ya mwanzo wa duodeni, limegusana kabisa na ukuta wake. Linaitwa ateri ya gastroduodeni. Kidonda kikichimba ukuta wa mbele wa duodeni, hutoboka na kumwaga uchafu tumboni. Kikichimba ukuta wa nyuma, kinachimba kuelekea kwenye ateri hiyo, na siku kikiifikia kinaitoboa. Hapo hupati michirizi ya damu, unapata damu ya mshipa unaodunda. Kinyesi kinakuwa cheusi kwa sababu damu imesagwa njiani.

Nyonga ni mlango tu. Kwenye nyonga kuna ateri kubwa iliyo karibu na ngozi. Daktari hupitisha hapo mrija mwembamba kama uzi, akaupandisha ndani ya aota dhidi ya mkondo, akauelekeza kwenye shina la siliaki, kulia kwenye ateri ya ini, chini kwenye ateri ya gastroduodeni, akaacha hapo visokoto vidogo vya chuma vya kugandisha damu. Yote hayo anayaona kwenye picha ya eksirei.

Pande mbili ni kwa sababu ya njia ya nyuma niliyomweleza dada wa swali la kwanza. Ukiziba juu tu, damu itapanda kutoka ateri ya juu ya mesenteri kupitia kichwa cha kongosho, ikatokee kwenye tundu lilelile kwa chini. Njia inayomlinda yule dada ini lake lisikose damu ndiyo iliyotaka kuwanyang'anya mama. Kwa hiyo daktari huziba chini ya tundu kwanza, kisha juu yake. Ini halitaathirika kwa kuzibwa huko, kwa kuwa ateri yake yenyewe haikuguswa, na zaidi ya hapo robo tatu hivi ya damu ya ini huletwa na vena kubwa inayotoka kwenye utumbo.

Mama asirudie diklofenaki, wala ibuprofeni, wala dawa ya maumivu ya magoti aliyopewa na jirani. Ulizeni kama alipimwa bakteria aitwaye *Helicobacter pylori*. Kama alikutwa naye, hakikisheni dozi imekwisha yote na amepimwa tena kuona kama ametoka. Hili la kupimwa tena husahaulika sana, na kidonda hurudi kwa njia hiyo.

Swali: Nikilala chali usiku naona tumbo langu linadunda juu ya kitovu. Nina miaka 29, ni mwembamba. Je, ndilo hilo shina la siliaki?

Jibu: Hapana, hiyo ni aota yenyewe. Shina la siliaki limejificha juu na nyuma zaidi, kidole hakilifikii. Aota inateremka mbele ya uti wa mgongo mpaka karibu na kitovu, kwenye pingili ya nne ya kiuno, ndipo inapogawanyika kwenda miguuni. Kwa mtu mwembamba aliyelala chali, hakuna kikubwa kinachoitenga na ngozi, kwa hiyo kuiona ikidunda ni kawaida.

Jipime hivi. Kunja magoti, legeza tumbo, weka viganja viwili upande huu na huu wa mdundo. Ukisukumwa kwenda juu tu, tulia. Ukihisi viganja vinasukumwa mbali kimoja na kingine, na mdundo ni mpana kama vidole vitatu au zaidi, nenda kapigwe ultrasaundi. Aota ya tumbo kwa kawaida ina upana wa sentimita 2 hivi. Ikifika 3 inahesabiwa kuwa imevimba. Kwa umri wako ni nadra. Lakini kama nyumbani kuna baba au babu aliyepita miaka 65 na aliwahi kuvuta sigara, mpeleke yeye akapimwe, hata kama haumwi. Kipimo hakina sindano, na ni cha dakika chache.